Kompyuta ya Zamani, Mfumo wa Bure: Somo la Kuhamia Linux kwa Anayeanza

Leo hatuzungumzii kiwango cha kubadilisha fedha wala ada ya kutuma. Tunazungumzia chombo ambacho pesa yako inapitia kabla haijafika nyumbani: ile laptop iliyoko mezani jikoni.

Swali hili linakuja sana kutoka kwa ndugu zetu walioko Louisville, Columbus na Buffalo. Ukienda Buffalo, mtaa wa Riverside kando ya mto Niagara, au mitaa ya Wakongomani, Warundi, Wabantu wa Somalia, Wakenya na Watanzania katika miji hiyo mingine, familia nyingi zina kompyuta moja. Ilinunuliwa mtumba, au ilitolewa na shirika la kupokea wakimbizi, au mtoto aliitumia shuleni akaiacha. Hiyo moja ndiyo ya kutumia pesa, kujaza kodi, kuomba kazi, kusomea mtihani wa uraia na kuangalia YouTube. Sasa inaleta ujumbe kwenye skrini: Windows 10 haihudumiwi tena, nunua kompyuta mpya. Watu wanauliza, kweli ninunue?

Jibu letu fupi: usikimbilie dukani. Kuna mfumo wa bure unaoweza kuifanya kompyuta hiyo iendelee kazi kwa miaka kadhaa na kwa usalama. Unaitwa Linux. Lakini kuna namna ya kuhama na kuna wakati wa kuhama, na kuna watu ambao hatuwashauri wahame kabisa. Tuende polepole.

Kwanza, tatizo ni nini hasa?

Kila kompyuta ina programu kubwa moja inayoendesha nyingine zote. Ndiyo tunaiita mfumo endeshi. Kompyuta nyingi za dukani zinakuja na Windows ya kampuni ya Microsoft. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta haikuzimika siku hiyo. Inawaka kama jana. Ila kuanzia hapo, mwizi wa mtandaoni akigundua mlango mpya ulio wazi, hakuna fundi anayekuja kuufunga.

Kwa nini usihamie tu Windows 11? Kwa sababu Windows 11 ina masharti. Inataka kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kwa kompyuta za Intel inataka prosesa ya kizazi cha nane kuendelea, ambazo zilianza kutoka mwaka 2017. Laptop nyingi tulizo nazo ni za kabla ya hapo. Ni nzima, kioo kizima, kibodi kizima, lakini mlangoni pa Windows 11 zinarudishwa.

Microsoft ilitoa nafasi ya kuongeza muda: mtu wa nyumbani anaweza kuandikisha Windows 10 yake ipate masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Hapa Marekani inawezekana kwa kulipa dola 30, au bila kulipa ikiwa utaingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwao. Hilo ni jambo zuri kwa anayehitaji muda wa kujipanga. Ila ni kuongezewa muda tu, na muda huo una mwisho.

Kwa nini ukurasa wa pesa unaongelea kompyuta?

Kwa sababu mbili. Ya kwanza, kuanzia tarehe 1 Januari 2026, sheria ya Marekani inatoza kodi ya asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa nje ikiwa mtumaji analipa kwa fedha taslimu, mani oda au hundi ya benki. Ukilipa kutoka akaunti yako ya benki ya hapa Marekani, au kwa kadi iliyotolewa hapa, kodi hiyo haikuhusu. Piga hesabu: mtu anayepeleka dola 300 taslimu dirishani kila mwezi analipa dola 3 kila mara, yaani dola 36 kwa mwaka, mbali na ada ya kampuni. Kwa hiyo wengi wameanza kutumia akaunti ya benki, kwa simu au kwa kompyuta. Ni sawa kabisa. Lakini ukihamisha pesa yako kutoka dirishani kwenda kwenye kompyuta, basi kompyuta hiyo ndiyo imekuwa dirisha lako. Haifai iwe na kufuli bovu.

Sababu ya pili ni akiba. Laptop mpya ya kawaida, tuseme dola 400. Programu za ofisi za Microsoft 365 kwa mtu mmoja, karibu dola 100 kila mwaka. Ukihamia Linux, unachonunua ni flashi moja ya dola 10 hivi, kama huna. Tofauti hiyo ni karo ya mtoto, ni bati za nyumba, ni dawa ya mama. Au ni mfuko wa dharura ambao kila siku tunawaambia muuanze.

Linux ni nini, na kwa nini ni bure?

Watu wetu tumezoea kuogopa cha bure, na tuna haki. Hapa mtu akikupa kitu bure, unaangalia mgongoni kwake ameficha nini. Basi tueleze.

Linux ilianza mwaka 1991, ikiandikwa na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, Finland. Aliiweka wazi ili mtu yeyote aisome, airekebishe na kuisambaza. Leo kampuni kubwa zinalipa wahandisi waiendeleze kwa sababu zenyewe zinaitegemea. Simu ya Android uliyonayo mfukoni imejengwa juu ya Linux. Kwa hiyo si mgeni kama unavyodhani, umeishi naye miaka mingi bila kumjua jina.

Linux ina matoleo mengi. Mwaka 2004, Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini, alianzisha toleo la Ubuntu. Neno hilo unalielewa bila kamusi: ubuntu ni ndugu wa utu wetu. Na mwaka huohuo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden kilitoa programu za ofisi za bure kwa Kiswahili, zikiitwa Jambo OpenOffice. Kwa hiyo mtu asikuambie eti mambo haya ni ya wazungu wenye ndevu peke yao.

Kwa anayeanza tunashauri toleo linaloitwa Linux Mint. Limejengwa juu ya Ubuntu, na sura yake haimshtui aliyezoea Windows: kuna menyu chini kushoto, kuna saa chini kulia, kuna folda za nyaraka na picha. Linux Mint 22, iliyotoka mwaka 2024, inahudumiwa hadi mwaka 2029. Inahitaji angalau memori ya RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndiyo ya kufanya kazi kwa raha. Kama laptop yako ni dhaifu, chukua Mint ya aina ya Xfce, ndiyo nyepesi. Kama ina GB 8, chukua Cinnamon.

Nani asihame?

Tuwe wakweli. Linux haifai kila mtu.

Kama mwajiri wako au chuo chako kinadai programu maalum ya Windows, uliza kwanza. Baadhi ya programu za kusimamia mitihani ya mtandaoni hazifanyi kazi kwenye Linux. Anayesomea uuguzi au leseni yoyote aulize shule yake kabla ya kugusa kitu. Programu za Adobe kama Photoshop hazina toleo la Linux. Microsoft Word yenyewe ya kusakinisha haipo pia. Utatumia LibreOffice, ambayo inafungua faili za Word na Excel, ingawa mpangilio wa ukurasa wakati mwingine unasogea kidogo. Kwa barua ya kuomba kazi, hifadhi kama PDF kabla ya kutuma, basi umemaliza.

Yanayofanya kazi ni haya: vivinjari vya Firefox na Chrome, tovuti za benki, tovuti za kutuma pesa, WhatsApp ya kwenye kompyuta, Zoom, YouTube, barua pepe, na tovuti za kujaza kodi. Kama maisha yako yote ya kompyuta yanapita kwenye kivinjari, wewe ndiye tunayeongea naye leo.

Hatua ya kwanza: weka akiba ya vitu vyako

Kabla ya yote, nakili vitu vyako kwenye diski ya nje au flashi nyingine. Usiseme "nitafanya baadaye". Nakili picha za familia, nakala za makaratasi ya uhamiaji, fomu za W-2 na kodi za miaka iliyopita, risiti za pesa ulizotuma, na barua za shule za watoto. Kisha toa hiyo diski, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, ufungue faili mbili tatu uone kweli zinafunguka. Akiba ambayo hujaihesabu bado si akiba.

Angalia pia maneno ya siri. Watu wengi hawajui neno lao la siri la benki, kompyuta ndiyo inalikumbuka. Ukifuta kompyuta, nalo limekwenda. Yaandike kwenye daftari, uliweke mahali pa kufungwa.

Hatua ya pili: tengeneza flashi

Utahitaji flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu cha thamani, maana itafutwa. Nenda kwenye tovuti yenyewe ya linuxmint.com na upakue faili la Mint. Ni kubwa, karibu GB 3, kwa hiyo usitumie bando la simu. Kama huna intaneti nzuri nyumbani, nenda na laptop yako maktaba. Riverside ya Buffalo ina tawi lake la maktaba pale Tonawanda Street. Louisville na Columbus nako maktaba za mji zina Wi-Fi ya bure. Kisha tumia programu ya bure inayoitwa Etcher kuliandika faili hilo kwenye flashi. Kulinakili kwa kawaida, kama unavyonakili picha, hakutoshi. Flashi haitaweza kuiwasha kompyuta.

Hapa kuna jambo la usalama ambalo wengi wanaliruka. Mwezi wa Februari 2016 wahalifu waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint wakabadilisha kiungo, na kwa muda mfupi waliopakua walipewa faili lenye mlango wa siri ndani. Wenye mradi waligundua upesi na wakatangaza wazi. Tangu hapo somo limebaki: hakiki faili. Kwenye tovuti kuna namba ndefu inayoitwa SHA256. Ni kama alama ya kidole ya faili. Tovuti ya Mint inaeleza namna ya kutoa namba ya faili ulilopakua. Linganisha hizo mbili. Zikifanana, sawa. Zikitofautiana hata herufi moja, futa faili upakue upya. Inachukua dakika tano. Kwa kompyuta itakayofungua akaunti ya benki, dakika tano si nyingi.

Hatua ya tatu: onja kabla ya kununua

Hili ndilo tunalolipenda kuliko yote. Linux inakubali kujaribiwa bila kugusa kilichomo kwenye kompyuta. Sokoni tunaonja embe kabla ya kununua fungu, na hapa ni hivyohivyo.

Zima kompyuta. Chomeka flashi. Washa huku ukibonyeza-bonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwakia. Kwa Dell na Lenovo mara nyingi ni F12. Kwa HP bonyeza Esc, kisha F9. Chagua flashi. Baada ya muda utaona Mint imefunguka. Kwa wakati huo inaishi kwenye flashi tu. Windows yako iko palepale. Ukizima na kuchomoa flashi, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa.

Sasa pima. Je, Wi-Fi inakamata? Sauti inatoka? Kamera inafanya kazi? Printa inaonekana? Fungua tovuti ya benki yako na ya kampuni unayotumia kutuma pesa, uone zinafunguka vizuri. Usishtuke zikikutumia namba ya uhakiki kwenye simu, maana zinaiona kama kompyuta mpya. Flashi ni polepole kuliko diski ya ndani, kwa hiyo mwendo unaouona hapo siyo mwendo wa mwisho.

Kama Wi-Fi imekataa, usikate tamaa. Laptop nyingine zinahitaji programu ya ziada ya kifaa hicho, na Mint ina sehemu inayoitwa Driver Manager ya kuitafuta. Unganisha intaneti kwa waya, au kwa simu yako kupitia kebo ya USB, kisha uitafute.

Kaa na jaribio hili siku kadhaa. Mwite na mtoto ajaribu kazi yake ya shule. Mwite mama aone kama anaweza kufungua YouTube mwenyewe.

Hatua ya nne: chagua siku, kisha hamia

Hapa tunaweka kanuni moja ambayo tunaomba uishike: usihame siku ya kutuma pesa.

Tunaeleza kwa nini. Kampuni za kutuma pesa na benki zikiona mtu ameingia kwa kompyuta mpya, zinaweza kuuliza maswali ya ziada au kuzuia muamala hadi zihakikishe ni wewe. Hiyo ni kinga yako, lakini kama mgonjwa yuko hospitali Bukavu anasubiri, kinga hiyo itakuumiza. Basi chagua wiki tulivu: pesa ya mwezi imeshatumwa na imepokelewa, kodi ya nyumba imelipwa, hakuna fomu yenye tarehe ya mwisho. Tena uwe na njia ya pili tayari, kwa kawaida simu yako.

Siku ikifika, washa tena kwa flashi na ubonyeze "Install Linux Mint". Utaulizwa maswali machache: lugha, kibodi, mtandao, saa. Swali zito ni moja: wapi pa kuweka mfumo. Ukichagua "Erase disk", kila kitu kilichokuwa kwenye kompyuta kitafutika, Windows na faili zote. Ndiyo maana hatua ya kwanza ilikuwa akiba. Kuna pia chaguo la kuiweka Mint kando ya Windows, uwe na zote mbili na kuchagua kila unapowasha. Linawafaa ambao bado wana kazi moja ya Windows. Ila ukichukua njia hiyo, angalia kwanza kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, na uhifadhi ufunguo wake wa kurejesha, la sivyo unaweza kujikuta nje ya nyumba yako.

Chomeka chaja. Usifanye kwa betri. Laptop nyingi zinamaliza ndani ya saa moja.

Hatua ya tano: funga milango

Mint ikiwaka kwa mara ya kwanza inafungua ukurasa wa makaribisho wenye sehemu ya hatua za kwanza. Fanya mambo matatu. Moja, fungua Update Manager, ile yenye alama ya ngao, na usakinishe masasisho yote. Mbili, washa ukuta wa moto, maana umo ndani lakini umezimwa. Tatu, fungua Timeshift, ambayo inapiga kama picha ya mfumo ili ukiharibika uurudishe ulivyokuwa jana. Lakini Timeshift kwa kawaida inalinda mfumo, hailindi nyaraka zako. Diski yako ya nje bado ina kazi.

Programu zichukue kwenye Software Manager ya Mint yenyewe. Hapo hakuna kulipa wala kuombwa kadi.

Matapeli hawajali mfumo

Tumalizie na onyo. Linux inakuepusha na virusi vingi vilivyotengenezwa kwa Windows, lakini haikuepushi na mdomo wa tapeli. Ukurasa unaopiga kelele "kompyuta yako ina virusi, piga namba hii" unaweza kutokea hata kwenye Mint, kwa sababu ni tangazo la kwenye kivinjari. Funga. Usipige. Mtu akikupigia akisema anatoka Microsoft au benki na anataka uweke programu ya kumruhusu aione skrini yako, kata simu. Unaweza kuripoti kwa serikali kupitia ReportFraud.ftc.gov.

Na mtu akikuuzia leseni ya Linux Mint, anakuibia. Haina leseni ya kulipia. Kumlipa kijana wa mtaani dola 20 kwa kazi yake ya kukuwekea ni sawa, ni jasho lake. Lakini neno la siri liweke wewe mwenyewe, yeye akiwa ameangalia pembeni.

Kazi ya wiki hii

Usifute kitu wiki hii. Fanya mawili tu: nakili vitu vyako kwenye diski ya nje, na tengeneza flashi uijaribu Mint. Ukiipenda, tafuta wiki yako tulivu. Usipoipenda, andikisha Windows 10 yako ipate muda wa nyongeza kama tarehe bado haijapita, na anza kuweka kidogo kidogo kwa ajili ya kompyuta nyingine. Na kama ungetumia dola 400 lakini umetumia 10, zile 390 zisipotee kwenye matumizi ya kawaida. Zihamishe siku hiyohiyo kwenye akaunti ya akiba, kabla hazijapata kazi nyingine.